Yaya nimemwahidi 18,000 mkononi: SHA, NSSF na tozo ya nyumba zatoka mfuko wa nani?

MamaPacha

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada wa hesabu kabla mwezi haujaisha. Tuko Nairobi. Yaya wetu halali kwetu: Jumatatu hadi Ijumaa anaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, na Jumamosi ni saa moja hadi saa sita mchana. Tangu Mei tunamtumia 16,000 kwa M-Pesa, bila mkataba wala karatasi yoyote. Kuanzia mshahara huu wa Oktoba 2025 tumekubaliana 18,000, naye amesema wazi ni 18,000 za kuingia mkononi. Habari ya kukatwa hataki kuisikia.

Maswali ni haya. Makato yanatoka kwangu au kwake? Kodi ya mapato inamhusu mtu wa mshahara huu? Na ile miezi mitano iliyopita naifanyaje? Jirani ananiambia mambo ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) ni ya makampuni, mtu akiajiri nyumbani kwake hayamhusu.

---

Hesabu_Kavu

MamaPacha, jirani amekupotosha. Sheria ya Ajira ya 2007 haina mlango wa pembeni kwa waajiri wa nyumbani. Yaya ni mwajiriwa, wewe ni mwajiri, na makato ni yaleyale ya karani wa benki. Tofauti ni ukubwa wa tarakimu tu.

Tuanze na kima cha chini, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Tangu 1 Novemba 2024, yaya wa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru hapaswi kupata mshahara wa msingi chini ya 16,113.75 kwa mwezi. Hiyo haina nyumba ndani yake. Kwa kuwa halali kwako, unamwongezea marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, yaani 2,417.06. Jumla ghafi, yaani kabla ya makato, 18,530.81. Angekuwa analala kwako katika chumba cha heshima, hayo ya nyumba yasingekuhusu, ila chakula na kitanda usingevigeuza kuwa sehemu ya zile 16,113.75.

Makato yanayotoka kwa mfanyakazi ni matatu: NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, tozo ya nyumba (ya serikali, si yale marupurupu) asilimia 1.5. Jumla 10.25. Wewe kama mwajiri unaongeza yako juu: NSSF asilimia 6 nyingine na tozo ya nyumba 1.5 nyingine. SHA huchangii chochote, ni ya mfanyakazi peke yake, lakini kazi ya kuikata na kuiwasilisha ni yako.

Sasa huyu wa "mkononi". Kosa linalofanywa kila siku ni kuchukua 18,000 na kuiongezea asilimia 10.25. Unapata 19,845, ukikata unabaki na 17,810.89 na yaya anakuuliza mia na tisini zake ziko wapi. Asilimia inakatwa kwenye ghafi, kwa hiyo unarudi nyuma kwa kugawanya: 18,000 ÷ 0.8975 = 20,055.71. Hiyo ndiyo mshahara wa kuandikwa kwenye mkataba. Karatasi ya mshahara wa Oktoba itasomeka hivi:

Mshahara wa msingi: 17,439.75
Marupurupu ya nyumba (15%): 2,615.96
Ghafi: 20,055.71
NSSF: 1,203.34
SHA: 551.53
Tozo ya nyumba: 300.84
Kodi ya mapato: 0
Mkononi: 18,000.00

Juu ya hapo mfuko wako unatoa NSSF 1,203.34 na tozo 300.84. Yaya anakugharimu 21,559.89 kwa mwezi: 18,000 kwake na 3,559.89 kwa serikali na mifuko yake. Weka tarakimu hiyo kwenye bajeti ya nyumba, usiweke 18,000.

Kodi ya mapato ni sifuri kwa sababu NSSF, SHA na tozo huondolewa kwanza kwenye ghafi. Zinabaki 18,000, asilimia 10 yake ni 1,800, na kila mkaazi ana nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi, inaimeza yote. Kwa viwango hivi kodi haianzi kuuma mpaka ghafi ipite takriban 26,740. Ila kama anafulia nyumba nyingine siku za mapumziko na huko pia ameandikishwa, nafuu hiyo huipata kwa mwajiri mmoja tu. Muulize.

Kwa wasomaji walio nje ya miji: SHA ina sakafu ya 300. Kima cha chini cha mashambani na miji midogo ni 8,596.49, asilimia 2.75 yake ni 236.40, lakini unalipa 300. Asilimia inaanza kufanya kazi ghafi ikizidi 10,909.

Na kuhusu NSSF, msitishwe na habari za madaraja mawili ya mshahara unaochangiwa. Mwaka huu wa 2025 daraja la kwanza linaishia 8,000, la pili 72,000. Februari 2026 mistari inasogea hadi 9,000 na 108,000. Kwa mtu wa ghafi ya elfu ishirini jumla ni asilimia 6 ileile, mgawanyo wa ndani ndio unaobadilika.

---

Bonde_la_Ufa

Mnamtisha dada wa watu bure. Mwenyewe amesema hataki kukatwa. Mpe 18,000 zake, mwandikishiane kwamba mmekubaliana bila makato, maisha yaendelee. Nani atakuja kukagua sebuleni?

---

Karani_wa_Leba

Bonde, anayekuja sebuleni huwa ni barua ya madai, na huja siku ya kuachana. Makubaliano ya kupunguza haki zilizowekwa na sheria hayana nguvu hata yakiwa na sahihi kumi. Na mwajiri asipokuwa na mkataba wa maandishi, ubishi ukizuka ni yeye anayetakiwa kuthibitisha walikubaliana nini. Mfanyakazi anasema, wewe unathibitisha. Kiboko cha waajiri wengi wa nyumbani ni hicho: wamelipa kweli, lakini hawana cha kuonyesha.

M-Pesa inasaidia nusu tu. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha uliituma 16,000 kwa namba fulani tarehe fulani. Haionyeshi kama ilikuwa mshahara, mkopo, au pesa ya sokoni. Ndiyo maana sheria inataka karatasi ya mshahara yenye mchanganuo. Andika nakala mbili: yako aitie sahihi na tarehe, yake abaki nayo. Taarifa ya M-Pesa pakua kila baada ya miezi michache uihifadhi pamoja nazo. Kumbukumbu zinatunzwa miaka mitano baada ya mtu kuondoka kazini.

Halafu kuna hesabu ambayo Bonde haijui. Mfanyakazi ambaye si mwanachama wa NSSF, akiondoka baada ya kutumikia, anastahili malipo ya utumishi. Mahakama kwa kawaida hupiga siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyeandikishwa NSSF na kuchangiwa hadai hayo. Anayekwepa NSSF kuokoa pesa anajiwekea deni upande wa pili, tena linalokokotolewa kwa mshahara wa mwisho, sio ule wa kuanzia.

MamaPacha, mkataba. Kazi ya miezi mitatu na zaidi lazima iandikwe. Kurasa mbili zinatosha: majina na namba za vitambulisho, tarehe ya kuanza (andika Mei, usijifanye ameanza Oktoba), kazi zenyewe (kulea pacha, na kama kufua na kupika kwa familia nzima kumo, kuandikwe), mahali, saa, ghafi na mchanganuo wake, siku ya kulipa, siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, ugonjwa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, notisi ya siku 28. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, naye yaya anaistahili kama mwingine yeyote. Kama hasomi vizuri, msomee kwa lugha anayoielewa.

Sasa saa. Hapa ndipo hesabu ya Hesabu_Kavu inapovuja. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa kumi na moja ni saa 10 na nusu kwa siku. Mara tano ni 52.5. Ongeza tano za Jumamosi, zinakuwa 57.5. Wiki ya kawaida ni saa 52. Kila wiki anazidisha saa 5 na nusu, na hizo zina bei: msingi ugawanye kwa 225, unapata 77.51 kwa saa, mara moja na nusu ni 116.27. Kwa wiki ni karibu 640, kwa mwezi zaidi ya 2,700 juu ya ghafi. Usiniambie anapumzika mchana pacha wakilala. Akiwa ndiye mtu mzima peke yake nyumbani, masikio yake yako kazini.

Njia rahisi kuliko zote: futa Jumamosi na Ijumaa aondoke saa kumi na nusu. Inakuwa 52 kamili. Mkihitaji Jumamosi mara mojamoja, ilipwe kama ziada na iandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, muda wa kuingia na kutoka, sahihi mbili. Daftari la shilingi hamsini limeokoa watu maelfu ya pesa kwa afisa wa leba.

Miezi mitano iliyopita: ghafi ilipaswa kuwa angalau 18,530.81, ulilipa 16,000. Pengo 2,530.81 mara tano, 12,654.05, bila kuhesabu saa za ziada. Lipa hata kwa awamu, na karatasi iandikwe "malimbikizo ya Mei hadi Septemba 2025". Madai ya aina hii yana miaka mitatu ya kufunguliwa, kwa hiyo kunyamaza hakuyazimi. Na michango ya miezi ile usiende kumkata maradufu sasa kufidia. Mkato ni wa mwezi wake. Ulioacha kuukata umekuwa wako.

---

MamaPacha

Asanteni sana, Jumamosi naifuta leo. Mawili yamebaki. Kwanza, yaya ana kitambulisho lakini hana pini ya KRA (namba ya mlipakodi) wala namba ya NSSF. Pili, anataka kila mwezi 5,000 ya mshahara niitume moja kwa moja kwa mamake Busia. Na ada niliyolipa ofisi iliyoniletea yaya, naweza kuikata polepole?

---

Karani_wa_Leba

Ada ya kuletewa ni gharama yako. Kumkata mtu mshahara kwa sababu amepewa kazi kumekatazwa.

Mshahara wa mtu analipwa mwenyewe. Wa kwa mama, sheria inaruhusu kulipa mtu mwingine pale mfanyakazi amemruhusu kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, 5,000 ulizotuma Busia anaweza kuzidai tena na akashinda. Lakini kwa nini ubebe mzigo huo? Mtumie yaya 18,000, yeye atume kwa mamake. Ukiona lazima utume wewe, barua yenye jina la mama, namba yake ya simu, kiasi, na sahihi ya yaya. Na kwenye karatasi ya mshahara mkononi ibaki 18,000, hiyo 5,000 isiandikwe kama mkato wako.

---

Fomu_P10

Niongezee upande wa mifumo, maana wengi hukwama hapa baada ya kuelewa hesabu.

Kwa yaya: pini ya KRA ni bure kwenye iTax, tovuti ya KRA, kwa kitambulisho. NSSF aende na kitambulisho ofisi yao au Huduma Centre. SHA anajiandikisha mwenyewe kwa *147# na kuongeza watoto wake kama wategemezi. Asiyekuwa na kitambulisho kwa sababu hajafika miaka 18, mbali na sheria yenyewe, hutampitisha kwenye mfumo hata mmoja. Hapo usimwajiri, basi.

Kwa MamaPacha: unajiandikisha kama mwajiri NSSF na SHA, kisha kwenye iTax unaongeza jukumu la kodi ya mishahara kwenye pini yako binafsi. Huhitaji kampuni.

Na sasa sikiliza vizuri. Ukishaongeza jukumu hilo, KRA inasubiri fomu ya P10, ile ya mishahara uliyolipa, kila mwezi, kodi iwepo isiwepo. Kuchelewa kuiwasilisha adhabu yake ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Asilimia 25 ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo kubwa ni 10,000. Watu hudhani "kodi yake ni sifuri, nitajaza mwisho wa mwaka". Miezi mitatu, elfu thelathini.

Kosa pacha wake ni kuwasilisha P10 tupu kwa sababu kodi ni sifuri. Tupu ni ya mwezi usio na mfanyakazi. Ukiwa naye unamjaza, kwa kuwa tozo ya nyumba inatangazwa humo humo ndani ya P10.

Karatasi yenyewe ni ya Excel yenye makro. Ifungue kwenye kompyuta yenye Excel halisi na uruhusu makro. Kwenye simu au Google Sheets kitufe cha kuhakiki hakifanyi chochote na utadhani mtandao umekufa. Pakua karatasi upya mara kwa mara, toleo la zamani mfumo hulikataa. Kwenye mstari wa yaya: pini, aina ya mfanyakazi (ajira ya kwanza, ndipo apate ile nafuu ya 2,400), msingi 17,439.75, marupurupu ya nyumba kwenye safu yake, na sehemu ya nyumba ya mwajiri uchague kwamba hapewi. Ukihakiki bila kosa inakuzalishia faili la zip. Hilo ndilo la kupakia, usipakie Excel.

Kupakia fomu sio kulipa. Baadaye unaomba namba ya malipo: tozo ya nyumba iko chini ya mapato ya wakala (Agency Revenue), wengi huitafuta kwenye kodi ya mishahara na hawaioni. Kiasi ni 601.68, yaani yake na yako pamoja. Unalipa kwa M-Pesa, paybill 222222, na kwenye akaunti unaweka ile namba ya malipo. Ukiweka pini badala yake, pesa zinaelea.

NSSF unapakia orodha kwenye tovuti yao, 2,406.68, mfumo unakupa namba ya kulipia. SHA 551.53. Ukichelewesha SHA anayeumia kwanza ni yaya: amefika hospitali na mtoto, namba yake inasoma hajalipiwa.

Mwisho wa mwaka mpe P9, muhtasari wa mshahara na kodi yake ya mwaka, na mwambie ana jukumu lake: marejesho ya mwaka kabla ya 30 Juni. Ajaze ya mapato ya ajira kwa kutumia P9. Vijana wa saiba humjazia tupu haraka haraka, wakati P10 zako zinaonyesha alilipwa, na rekodi zinagongana. Asipojaza kabisa adhabu yake ni 2,000.

---

Hesabu_Kavu

Nyongeza mbili kwa niliyosahau. Malimbikizo ya 12,654.05 yakilipwa yote mwezi mmoja, usiyarundike juu ya ghafi ya Oktoba ukakuta imepita 32,000 na kodi imeanza kukatwa. Ni pesa ya miezi ya Mei hadi Septemba. Igawe kwenye miezi yake ukirekebisha, ambapo kila mwezi unabaki 18,530.81 na kodi sifuri.

Pia kuna fidia ya ajali kazini. Sheria yake ya mwaka 2007, si ile ya Ajira, inamtaka kila mwajiri awe na bima yake, na yaya anayebeba maji moto ya kuogesha pacha wawili hayuko mbali na ajali. Kampuni nyingi za bima huiuza ndani ya bima ya nyumba, unaongeza mstari wa mfanyakazi wa nyumbani. Kama nyumba yenu ina bima tayari, soma kwanza, huenda imo.

---

MamaPacha

Kwa hiyo Oktoba yote, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha na kulipa ni tisa Novemba?

---

Fomu_P10

Ndiyo dada, na tisa Novemba mwaka huu ni Jumapili. Tozo ya nyumba inahesabiwa siku tisa za kazi kwa hiyo ina nafasi kidogo, lakini usizitenganishe, utasahau moja. Pini ya yaya iombwe wiki hii, P10 ijazwe Jumatatu tarehe 3, malipo yote matatu yawe yametoka Ijumaa tarehe 7. Iache Jumamosi; usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho iTax huzunguka tu.